Wali na Samaki kwa Mama Lishe wa Ifakara

Msafiri anayeshuka Ifakara na njaa asihangaike kutafuta hoteli kubwa. Aende kwa mama lishe.

Hapo mchele ni wa Bonde la Kilombero lenyewe, wenye harufu inayoitangulia sahani, na samaki ni wa Mto Kilombero: perege, kambale au kitoga. Hukaangwa kwanza, ndipo wakaungwa kwa nyanya na kitunguu. Pembeni huwekwa mchicha na maharage. Mama huondoa makaa juu ya mfuniko, akachota wali taratibu usivunjike, na ukoko akamwekea mteja anayeupenda.

Daraja la Magufuli juu ya Mto Kilombero limewaondolea wasafiri wa Mahenge foleni ya kivuko. Hata hivyo, wali huu bado unafaa kusimamisha safari, na pongezi ni za wanawake hawa, wanaowasha moto kabla ya alfajiri.