Pakiti ya Kampala Inatafuta Nini Amsterdam?

Agizo la tarehe 12 Januari 2021 lilikuwa kosa la kiufundi, na ningesema hivyo hata kama lisingekuwa na chembe ya siasa. Siku mbili kabla ya uchaguzi, Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC) iliwaamuru watoa huduma wafunge mitandao ya kijamii. Intaneti yote ilizimwa jioni ya tarehe 13 na kurudi tarehe 18, hayo mnayakumbuka. Kinachonikera ni kilichofuata. Mitandao mingine ilifunguliwa, Facebook ikabaki imefungwa, na ili kuifikia watu wakazoea kushinda ndani ya VPN, handaki fiche linalopitia seva ya mbali.

Tuifuate pakiti moja ya data. Mtu yuko Ntinda, mtaa wa Kampala, VPN amewasha tangu asubuhi kwa ajili ya Facebook, kisha anafungua tovuti iliyo kwenye seva ya hapa hapa Kampala. Pakiti inavuka mpaka wa Kenya, inateremka hadi Mombasa, inaingia mkongo wa baharini na kufika Amsterdam iliko seva ya VPN. Huko inageuzwa, inarudi njia hiyo yote hadi Kampala. Jibu nalo halina ruhusa ya kukata kona: lazima liende Amsterdam kwanza, ndipo limfikie mwenyewe Ntinda.

Mwanga ndani ya faibari huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na hakuna mhandisi wa kuuongezea mwendo. Tuseme kwenda Ulaya na kurudi ni milisekunde 150. Safari yetu ni maradufu, 300. Kufungua muunganisho wa TCP ni mzunguko mmoja wa namna hiyo, kukubaliana funguo za usimbaji za TLS 1.3 ni wa pili, kuomba ukurasa ni wa tatu. Karibu sekunde nzima imepita na herufi ya kwanza haijaonekana. Bila VPN, mzunguko ukiwa milisekunde 5, kazi hiyo ingekwisha kwa milisekunde 15.

Sasa mtazame mhandisi wa zamu kwa mtoa huduma. Grafu zake ni nzuri: kiungo hakijajaa, seva haina mzigo, kipimo cha njia kutoka kwenye ruta yake ni safi. Malalamiko yanaingia, naye haoni kitu, maana kinachopita mbele yake ni mkondo mmoja uliofichwa kuelekea anwani ya ughaibuni. Hawezi kutanguliza simu ya video mbele ya upakuaji wa sinema. Hata seva za akiba zilizoletwa karibu na wateja zinapitwa, kwa kuwa mteja anaonekana yuko Uholanzi. Mwisho bosi anaidhinisha kununua megabiti zaidi. Nimelisema hili mara nyingi na sichoki: megabiti hazifupishi safari.

Waliotutangulia walilijua hili. Zamani barua pepe kati ya watoa huduma wawili wa Kampala ilipandishwa hadi satelaiti, kilomita 36,000 juu, ikazunguka bara jingine ndipo irudi mjini. Mwaka 2001 kampuni shindani zikaanzisha UIXP, kituo cha kubadilishana data baina yao, ili data ya mjini ibaki mjini. Kwa majirani zetu Nairobi, kituo kama hicho, KIXP, kilikuwa kimefungwa na mdhibiti Desemba 2000 baada ya Telkom kulalamika, hakikufunguliwa hadi Februari 2002. Uamuzi ule sijausamehe, na huu wetu wa kufunga Facebook ni wa ukoo mmoja nao. Kodi ya OTT ya Julai 2018, shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, ilikwisha kuonyesha kwamba ukimwekea Mganda kizuizi atakimbilia VPN.

UCC iifungue Facebook. Wahandisi, pimeni kasi kutoka kwenye simu na kompyuta ya mtumiaji, msiridhike na ruta zenu. Nawe msomaji, ukimaliza shughuli yako ya Facebook, zima VPN kabla hujafungua tovuti ya nyumbani.