Safu Iliyopiga Magoti

Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, ukiandama, vijana wa Jambiani, kijiji chetu cha pwani ya Unguja, huwa na kazi ya usiku. Mchana wako skuli, wako baharini na ngalawa, wako hotelini wakibeba mizigo ya wageni. Ikisha sala ya Isha hukutana madrasa kwa mazoezi ya maulidi. Nataka kuisifu kazi yao hiyo kama tunavyomsifu fundi majahazi au mchonga milango, kwani na wao ni mafundi, na ufundi wao ni mgumu kuliko unavyoonekana pale mkekani.

Maulidi yenyewe yanajulikana. Kitabu kinachosomwa zaidi kwetu ni Barzanji, alichokitunga Sayyid Jaafar al-Barzanji, mufti wa madhehebu ya Shafii mjini Madina katika karne ya 18. Ni nathari yenye vina, imegawanywa milango, na kila mlango hupewa msomaji wake. Kijana wa miaka kumi na tano anayepewa mlango amepewa amana. Kiarabu si lugha ya mama yake, lakini kila herufi lazima aitoe inapotoka, kooni au ncha ya ulimi, na pumzi asiikate katikati ya maneno yanayotegemeana. Akiikata vibaya, mzee aliyekaa pembeni huinua kichwa. Hasemi kitu, ila kijana amekwishajua. Ukifika mlango wa kuzaliwa Mtume, watu wote husimama, chetezo cha udi hupitishwa, marashi hunyunyizwa viganjani, na baina ya milango huingia kasida. Wasichana nao wana kasida zao, na madrasa inayoalikwa kijiji cha pili huondoka na lori zima la watoto wanaoimba njia nzima hadi sauti zinawakauka kabla hawajafika.

Lakini ufundi unaonisimamisha nitazame ni wa Maulidi ya Homu. Asili yake huunganishwa na tarika ya Rifaiya, inayomfuata Sheikh Ahmad al-Rifai wa Iraki, aliyefariki mwaka 1182. Mjini makao yake mashuhuri ni Mtendeni, ndani ya Mji Mkongwe, na kundi la Mtendeni limeifikisha homu hata kwenye majukwaa ya nje ya nchi. Vijana huvaa kanzu nyeupe na kofia za viua, wakapiga magoti safu moja, bega kwa bega. Wapiga dufu hukaa mbele yao. Mtoa sauti huanza chini, polepole, na safu humwitikia kwa mvumo unaotoka kifuani. Kisha miili huanza kwenda: kulia, kushoto, mbele, nyuma, wanainuka juu ya magoti, wanarudi kukaa, mikono ikifuata. Dufu huongeza mwendo kidogo kidogo, hadi safu nzima inapanda na kushuka kama kitu kimoja chenye uti wa mgongo mmoja.

Ukiwa mbali unaona uzuri tu. Ukisogea unaona kazi. Mwendo unaanzia kiunoni. Anayeanzia shingoni huchoka mapema, na kichwa chake huonekana peke yake juu ya safu. Pumzi huvutwa mwili unapoinuka, kwa kuwa anayeinama tumbo limebanwa na hana nafasi ya kuvuta hewa. Asiyelijua hilo ataimba nusu ya beti na nusu ataimeza. Wa katikati wana bahati, kwani wanasikia mabega mawili. Wa mwishoni, huku na huku, wana bega moja tu la kutegemea, na ustadhi mwenye akili huweka hapo vijana waliokomaa, wasiotikisika. Magoti nayo yana habari yake. Mkeka si godoro, na nusu saa ya kupanda na kushuka juu ya mifupa inataka mwili uliozoeshwa kwa wiki nyingi.

Halafu kuna dufu. Ni mduara wa mbao uliowambwa ngozi ya mbuzi upande mmoja, na umande wa pwani ni adui yake, kwani ngozi ikinyonya unyevu hulegea na sauti huzama. Kwa hiyo kabla ya kuanza huwashwa moto wa makuti nje ya madrasa, na mpigaji huizungusha ngoma juu ya moto huku akiigonga kwa ncha za vidole na kutega sikio. Anasikiliza sauti ikipanda. Akiitoa mapema, itamlegea katikati ya maulidi. Akiichelewesha, ngozi itapasuka. Hana kipimo chochote isipokuwa sikio, na sikio hilo alilipata kwa kukaa miaka karibu na waliomtangulia.

Kina mama wa Jambiani hufukia makumbi ya nazi ufuoni, wakayaacha kwa miezi yaoze na maji ya bahari, ndipo wakayafukua, wakayaponda na kusokota kamba isiyokatika. Sauti ya mtoto wa madrasa hupikwa hivyo hivyo, na anayetaka kuharakisha atapata makumbi, kamba hataipata.

Mwendo mfupi kusini ya hapa, ukishapita Makunduchi, uko msikiti wa Kizimkazi Dimbani. Kwenye kibla chake pana maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, na yanataja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia. Kuta zilijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yalihifadhiwa, na watu wanaendelea kusali mbele yake. Ninapoyatazama huwa nafikiri juu ya mkono uliochonga. Matumbawe ni jiwe laini lenye vitundu, patasi ikiteleza herufi imekwenda. Aliyeyachonga alikuwa na subira ile ile ninayoiona kwa mpigaji dufu anayetega sikio juu ya moto. Tofauti ni kwamba herufi za jiwe zimekaa zaidi ya miaka mia tisa bila kumhitaji mtu kuzikariri. Maulidi hayana jiwe. Kila kizazi kikifa, yanakufa nacho, isipokuwa kama kuna mtoto aliyefundishwa kuyabeba. Kwa hiyo safu ya vijana waliopiga magoti ni jengo la kale linalojengwa upya kila mwaka, na mafundi wake wengi hawajaota hata ndevu.

Dini nyingine nazo zimelielewa hili. Nauvoo, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, ni mji ulioanzishwa mwaka 1839 na waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho kando ya mto Mississippi, kabla ya kufukuzwa huko mwaka 1846. Leo ni mahali pa kumbukumbu, na kwa miaka kadhaa, majira ya joto, vijana wamisionari, waliochaguliwa baada ya kupimwa uimbaji na uchezaji wao, waliwaimbia na kuwachezea wageni pale pale walipoishi wazee wao wa imani. Imani yao si yetu. Hata hivyo naelewa kwa nini mahali pazee panakabidhiwa vijana. Kisa cha zamani kikisimuliwa na mtu ambaye bado ana mbio mwilini, msikilizaji huamini kwamba hakijesha.

Kwetu kuna jambo moja zaidi. Mkekani hakuna mtazamaji. Aliyekuja anaitikia, anasimama watu wakisimama, anaondoka na marashi mikononi na halua tumboni. Kijana wa safu haimbi ili atazamwe, na ufundi wake wote unafanya kazi ya kumficha. Safu ikiwa nzuri huwezi kumtaja aliyefanya vizuri. Katika zama ambazo kila simu inamwambia kijana ajitokeze mbele peke yake, mimi naona hilo ni somo kubwa: jitihada ya miezi, na malipo yake ni kutoonekana.

Wapo Waislamu wenzetu wasioyakubali maulidi, na wapo wanaoyakubali lakini wanaiogopa ngoma. Mjadala huo ni wa zamani. Huko Lamu, pwani ya Kenya, Habib Swaleh wa Msikiti wa Riyadha alipoacha matari yaingie katika kumsifu Mtume, walimpinga watu wazito wa mji wake. Leo maulidi ya Lamu hukusanya watu kutoka pwani nzima. Sitaki kumshinda mtu kwa hoja. Nasema tu nilichokiona kwa vijana wetu: uzuri wanaoutafuta ni adabu. Mtu anayempenda Mtume hataki kumsifu kwa sauti ya kubahatisha, pumzi iliyokatika au ngozi iliyolegea.

Kalenda ya mwezi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na ifikapo 2029 maulidi yataangukia Julai, kipupwe kimeshika na hoteli za pwani yetu zimejaa. Vijana watatakiwa kazini usiku ule ule wanaotakiwa madrasa. Ni vyema tuamue mapema. Mwajiri amwache kijana aende mazoezini. Mzazi asiyahesabu masaa yale kuwa ni mchezo. Ustadhi, ambaye mara nyingi hufundisha kwa ada isiyotosha hata sukari, alipwe kama anavyolipwa fundi yeyote. Mbuzi wa akika akichinjwa, ngozi nzuri ipelekwe kwa mwamba dufu. Tunao mafundi hapa kijijini, wa miaka kumi na tatu na kumi na saba, wanaoweza kuifanya miili kumi na minne ivute pumzi moja. Wanastahili heshima hiyo wakiwa hai na wakiwa wadogo.