Pika na Pikia: Jinsia Katika Jiko la Runinga

Tunajisifu sana kwamba lugha yetu haibagui. Mwingereza akimtaja mtu kwa kiwakilishi, mara nyingi huonyesha kama ni wa kiume au wa kike. Sisi tuna "yeye" mmoja tu, na "anapika" ni anapika, awe Asha, awe Juma. Kinyambo cha huku Nyakatuntu nacho ni hivyo hivyo. Basi mtu akikwambia kwamba lugha ya vipindi vya mapishi katika runinga inawagawa watu kwa jinsia, utamwuliza: inawagawaje, wakati neno lenyewe la kugawia halipo?

Mimi nasema inawagawa, tena mchana kweupe. Usiitafute katika "yeye". Itafute katika silabi ndogo inayogeuza pika kuwa pikia, ile ambayo walimu wa sarufi huiita kauli ya kutendea.

Hebu sikiliza kipindi kinachoongozwa na mwanamke. Mara nyingi mtazamaji anaambiwa ampikie mzee, awaandalie wageni, awawekee watoto. Kila kitendo kina mtu nyuma yake anayesubiri sahani. Kisha sikiliza kipindi cha mwanamume aliyevaa koti jeupe. Huyu anapika, anakaanga, anachanganya. Kitendo kinaanzia kwake na kinaishia kwake, na mlaji hatajwi kabisa. Wote wawili wameshika mwiko, wote wawili wana samaki wa nazi jikoni. Lakini mmoja anapika na mwingine anapikia.

Runinga haikulianzisha jambo hili. ITV ilianza kuonekana mwaka 1994, na TVT ya serikali mwaka 2000. Kabla ya hapo watu wa Dar es Salaam walikuwa wanakula kwa mama ntilie miaka mingi. Tulitazame jina hilo polepole. "Ntilie" ni "nitilie", yaani mama, nitilie chakula. Hiyo ni sauti ya mteja! Mama wa watu ameamka alfajiri, amewasha mkaa, amechambua mchele, halafu cheo chake kinakuwa ile amri anayopewa na mtu mwenye njaa. Na kauli ya kutendea ile ile imekaa humo humo, ndani ya jina. Baadaye tukasema "mama lishe" ili kumheshimu. Afadhali, lakini kulisha nako ni kumfikiria mtu mwingine anayekula.

Wanaume wa barabara hiyo hiyo tunawaitaje? Mchoma mishikaki. Mkaanga chipsi. Muuza supu. Kila mmoja kapewa jina kutokana na anachofanya mwenyewe. Hakuna anayemwita mchoma nyama "baba nikatie", ingawa kutwa nzima wateja wanamwambia hivyo hivyo: nikatie.

Huku kwetu Kyerwa na Karagwe mambo ni yale yale. Kwa desturi, rubisi ni kazi ya wanaume. Wao ndio huivisha ndizi, huzikanyaga kwa miguu pamoja na majani, huchanganya mtama uliokaangwa, na kuacha pombe ichachuke katika mtumbwi wa mti. Kama huo si upishi, basi sijui upishi ni nini: una moto, una vipimo, una subira. Tena majirani huja na vibuyu vyao wakisema nitilie, nitilie. Lakini neno hilo halijamganda mzee yeyote likawa jina lake.

Sasa huyu "shefu" wa runinga katoka wapi? Neno ni la Kifaransa, na maana yake ya asili ni kichwa, yaani mkuu. Mkuu wa jikoni. Sisi tulikuwa na neno letu, "mpishi", lisilo na jinsia. Wakati wa ukoloni mpishi wa nyumba ya Mzungu mara nyingi alikuwa mwanamume, analipwa mshahara. Pwani hadi leo wapo wapishi wa kiume wanaoitwa kupika pilau la arusi, na wanaheshimika. Kwa hiyo mwanamume hakuhitaji cheo cha kigeni ili aruhusiwe kuingia jikoni. Pamoja na hayo, Ali Mandhry wa Mombasa, mpishi anayejulikana sana katika runinga za Kenya, umaarufu wake ameupata kwa jina la Chef Ali. Simlaumu, ndilo soko lilivyo. Ninachouliza ni kwa nini mwanamke mwenye ujuzi kama huo anaishia kuitwa mama au dada.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Uingereza, mwaka 1999, BBC ilimwonyesha kijana Jamie Oliver katika kipindi kilichoitwa The Naked Chef. Mwaka uliofuata Nigella Lawson, ambaye naye ni mtu wa runinga, alitoa kitabu chake How to Be a Domestic Goddess. Yaani kijana hata akiwa uchi bado ni shefu, na mwanamke hata akipandishwa cheo akawa mungu, ni mungu wa nyumbani.

Wapo watakaosema, mbona wanaume nao wanapikia? Kweli, ukifika msimu wa Siku ya Wapendanao utasikia mwanamume anahimizwa ampikie mkewe. Lakini sikiliza vizuri: kwake pikia ni zawadi, ni ya siku moja, na anapigiwa makofi. Kwa mwanamke pikia ni ya Januari hadi Desemba.

Hapa ndipo pana hasara. Msichana wa Nyakatuntu anayejua nshakara, nchoncho na ntobe kwa kuziangalia tu mgombani, anayejua ndizi ipi ni ya sufuria na ipi ni ya pombe, anayepima chumvi kwa vidole bila kukosea, hana mtu anayemwita mtaalamu. Wanasema kalelewa vizuri, atafaa kuolewa. Tumeshalalamika sana juu ya kuoa na kuolewa. Hili la pikia likatupita chini ya pua. Na kaka yake, akikaa jikoni na mama yake, anachekwa mpaka siku atakapovaa koti jeupe na kuitwa shefu.

Sisemi tuitupe kauli ya kutendea. Kumpikia mtu ni upendo, na lugha isiyoweza kuutaja upendo huo ingekuwa maskini. Ila mzigo ugawanywe. Siku hizi tunasikia "baba lishe", hata katika hotuba za wakubwa. Wengine wanacheka. Mimi silicheki neno hilo, maana safari hii mwanamume ndiye aliyetoka ubavuni mwa mwanamke.

Waandishi wenzangu, kazi ni yetu pia. Fungueni hadithi zenu mtazame nani anapika na nani anapikia. Mwacheni mama apike walau mara moja, kitenzi kiishie hapo, na nukta iwekwe.