Mnyoo Huachia, Hafi

Gapi akitulia, nyuzi nyekundu zinachungulia kwenye tundu lake la haja. Akianza kuogelea, zinarudi ndani. Nyuzi hizo karibu kila mara ni Camallanus cotti, mnyoo wa Asia aliyetembezwa duniani na biashara ya samaki wa mapambo. Hawaii aliingia na samaki wa jamii ya gapi, akahamia hadi kwa samaki wenyeji wa mitoni.

Wafugaji wengi hukimbilia prazikwanteli. Hiyo ni dawa nzuri ya tegu, ila kwa minyoo wa mviringo kama huyu haifui dafu. Zinabaki fenbendazoli na levamisoli, na tofauti yao iko kwenye njia ya kumfikia mgonjwa. Fenbendazoli haiyeyuki vizuri majini, hivyo lazima ipitie kwenye chakula. Samaki aliyedhoofika zaidi ndiye asiyekula, kwa hiyo anayeihitaji dozi ndiye anayeikosa. Isitoshe, baadhi ya konokono wa tangini hawaistahimili.

Levamisoli huyeyuka upesi na kupenya mwilini kupitia matamvua, samaki awe amekula au hajala. Ikimfikia mnyoo, hushika vipokezi vya neva kwenye misuli yake, misuli ikakaza na kuganda. Camallanus hujishikilia kwenye ukuta wa utumbo kwa kinywa kigumu kama koleo. Akipooza, koleo huachia, na samaki humtoa pamoja na kinyesi. Ndiyo maana kumvuta kwa kibanio ni ukatili usio na faida: utumbo utachanika kabla hajaachia.

Dukani kwenye dawa za mifugo kuna mtego. Chupa nyingi za mbuzi na ng'ombe huchanganya levamisoli na oksiklozanidi ya minyoo wa ini. Hiyo ya pili ni sumu kwa samaki. Niklosamidi, ya ukoo huohuo, hutumiwa kuulia samaki aitwaye lampri katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Itafutwe levamisoli tupu.

Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 2 kwa lita. Tangi la lita 120, ukitoa changarawe na mawe, huenda lina lita 100 tu za maji: miligramu 200, yaani mililita 8 za dawa ya asilimia 2.5. Mkaa hutolewa kwenye chujio kwa kuwa hunyonya dawa, taa huzimwa kwa kuwa mwanga huiharibu, pampu ya hewa huachwa ifanye kazi.

Baada ya saa 24 inakuja kazi ambayo wengi huifanya kivivu, nayo kwangu ndiyo tiba hasa. Minyoo walioanguka wamepooza tu, na majike wamebeba mabuu hai. Sakafu yote ifyonzwe kwa mpira, hadi chini ya mawe, na sehemu kubwa ya maji ibadilishwe. Maji hayo yasimwagwe kwenye mtaro unaoelekea mtoni.

Mabuu waliokwisha kumezwa na vijidudu vya majini, jamii ya siklopi, wanaweza kuponea humo hadi samaki awale. Kwa hiyo dozi hurudiwa baada ya wiki mbili au tatu, pamoja na kufyonza upya. Samaki aliyetobolewa utumbo anaweza kufa hata minyoo wakimtoka. Hayo yote ni ya samaki wa mapambo. Perege wa kuliwa apelekewe daktari wa mifugo, kwa sababu mabaki ya dawa hubaki kwenye nyama.