Neno "to" katika Kiswahili cha Lubumbashi: maana na matumizi

Neno "to", ambalo asili yake ni taux ya Kifaransa, limo katika ngeli ya 9 na husikika kila siku mitaani Lubumbashi: "to iko ngapi?", "to inapanda". Wapo wanaoliona kuwa ni uchafuzi wa lugha, wakapendekeza mahali pake "kiwango cha ubadilishaji". Pendekezo hilo lina upungufu, kwani "kiwango" ni neno pana, na tena halionyeshi utata uliomo katika "to" yenyewe.

Utata huo ni wa namna tatu. Kwanza, kuna to ya Benki Kuu, ambayo hutangazwa. Pili, kuna to ya kambisti, yaani mvunja fedha wa barabarani, nayo kwa hakika ni mbili: akinunua dola kwa faranga 2,480 na kuiuza kwa 2,500, zile 20 za katikati ndizo riziki yake. Tatu, kuna to ya duka, ya shule au ya mwenye nyumba, ambayo hupangwa na yule anayelipwa. Asemaye "to ya leo" bila kutaja mwenyewe amezichanganya zote.

Jambo la pili ni kitenzi. "To inapanda" maana yake dola imepanda. Faranga iliyoanguka haitajwi. Ichukuliwe mfano wa mwalimu anayelipwa kwa faranga, ilhali kodi ya nyumba yake ni dola 100. To ikitoka 2,500 kufika 2,800, kodi imetoka faranga 250,000 hadi 280,000, na mshahara umebaki pale pale. Hata hivyo husema kuwa kitu kimepanda, kana kwamba yeye hakupungukiwa. Lugha imemweka upande wa dola ambayo hana.

Mazoea haya hayakuzuka bure. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 zilibadilishwa kwa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Faranga hiyo ilianza dola ikiwa chini ya faranga 2. Kufikia mwaka 2024 dola ilizidi faranga 2,500. Watu walioona fedha yao ikigeuka hivyo hawana budi kupimia thamani kwa fedha ya kigeni.

Kwa hiyo si kazi ya mwanaleksikografia kulifukuza neno hili. Linalompasa ni kuliingiza kamusini pamoja na maana zake tatu, na kuonyesha kwa mifano kwamba "to" hudai mwenyewe: to ya Benki Kuu, to ya kambisti, to ya duka. Swali linalomfaa mlipaji si "to iko ngapi?" peke yake, bali pia "ni to ya nani?"