Daftari la Majina na Hoja ya Mizizi Mingi

Msafiri atokaye Migori kwenda Homa Bay hufika Rongo, na hapo njia hugawanyika. Kibao kimoja kikimwonyesha Homa Bay upande huu, na cha pili, kilichosimikwa na mtu mwingine, kikimwonyesha Homa Bay upande ule, msafiri huyo hakuongezewa njia. Amepotezewa ile aliyokuwa nayo. Na tuushike mfano huu tunapopima hoja ambayo wataalamu wa intaneti wameibishania miaka mingi: je, majina yake yawe na mzizi mmoja, au kila apendaye apande wake?

Kompyuta hutambuana kwa tarakimu, lakini watu hukumbuka majina. Kwa sababu hiyo liko daftari la juu kabisa, liitwalo mzizi, lionyeshalo ni nani atunzaye kila jina la mwisho, kama .com, au .ke letu la Kenya. Jina husomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo, kama barua itafutavyo mwenyewe: kwanza kaunti, kisha kijiji, ndipo aulizwe Otieno. Akina Otieno ni wengi, kwa kuwa jina hilo hupewa mvulana aliyezaliwa usiku. Lakini barua zao hufika, maadamu kila kijiji chajulikana kwa jina lake.

Tangu mwaka 1998 daftari hilo limesimamiwa na ICANN, shirika lenye makao California. Wapendao mizizi mingi hutoa hoja mbili juu yake.

Hoja ya kwanza ni kwamba mti hustawi kwa mizizi mingi. Ni tamu masikioni, lakini yalegea ipimwapo, kwa kuwa mzizi huu ni mzizi kwa mfano wa maneno tu. Kazi yake ni ya daftari. Tazama jina .biz. Wenye mizizi ya kando walikuwa wakilitumia tayari ICANN ilipolichagua, Novemba 2000, na kumpa mtunzaji mwingine. Jina moja likawa na maana mbili, kwa kadiri ya mzizi ulioulizwa. Naam, mafahali wawili hawakai zizi moja.

Hoja ya pili ni nzito, wala si haki kuidharau: ashikaye daftari ana mamlaka juu ya walioandikwa ndani yake. Kwa miaka mingi ICANN ilifanya kazi hiyo chini ya mkataba wa serikali ya Marekani, na mataifa mengine yalikuwa na sababu ya kunung'unika. Lakini ugonjwa ni mmoja na dawa ni nyingine. Jina .ke lilipoandikwa mwaka 1993, msimamizi wake alikuwa Shem Ochuodho, mtaalamu wa kompyuta aliyechaguliwa mwaka 1997 kuwa mbunge wa Rangwe, huko Homa Bay. Kazi ya ufundi ilikuwa mikononi mwa Randy Bush wa Marekani. Ilipotakiwa jina hilo litunzwe na shirika la Wakenya, hapakupandwa mzizi wa pili. Watu walijadiliana, KENIC ikaundwa, na Desemba 2002 uhamisho ukakubaliwa. Mtunzaji alibadilika, daftari lilibaki moja. Hali kadhalika mkataba wa Marekani ulikoma Oktoba 2016, na mwaka 2022 ICANN iliweka Nairobi kompyuta zenye nakala ya mzizi uleule.

Kijana msomaji, usiipokee hoja kwa uzuri wa mfano wake. Uliza mfano huo wafanana na jambo lenyewe kwa kiasi gani. Mwenye kibao akikosa uaminifu, na aondolewe, kibao akabidhiwe mwingine. Kusimika cha pili kando yake si kumshinda. Ni kumpoteza msafiri.