"Mazoezi", "Tabia Bwete" na Mtoto wa Ufipa: Uhakiki wa Istilahi za Afya

Yako maneno ambayo mfasiri huyapita bila kuyahoji, kwa kuwa huyadhani kuwa mepesi. Neno "mazoezi" ni mojawapo. Katika maandishi mengi ya afya neno hili hutumika kutaja kila namna ya kuutumia mwili, na kutokana na mazoea hayo limebebeshwa dhana isiyo yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha hasara ya mazoea hayo, tukichukua mfano wa mtoto wa Ufipa, mkoani Rukwa.

Mwaka 1985, wataalamu wa Marekani Caspersen, Powell na Christenson walizitenganisha dhana tatu zilizokuwa zikichanganywa. Ya kwanza ni kushughulisha mwili, yaani mwendo wowote wa misuli unaotumia nishati. Ya pili ni mazoezi, ambayo ni sehemu tu ya ile ya kwanza: shughuli iliyopangwa, inayorudiwarudiwa kwa kusudi la kuujenga mwili. Ya tatu ni utimamu wa mwili, ambao ni sifa aliyo nayo mtu, wala si tendo. Tafsiri nyingi za Kiswahili zimezikusanya mbili za mwanzo katika neno moja.

Kiswahili chenyewe hakikubaliani na mkusanyo huo. "Zoezi" hutokana na kitenzi "zoea", na kiini chake ni kurudia jambo ili kulimudu. Ndiyo maana tuna mazoezi ya hesabu, mazoezi ya kwaya na mazoezi ya viungo. Mtoto anayeteka maji, anayebeba kuni, anayeongoza maksai wakati wa kulima kwa plau, au anayekwenda shule kwa miguu katika uwanda huo wa juu, hafanyi zoezi lolote. Anafanya kazi au anasafiri. Mzazi wake akiulizwa, "Je, mtoto huyu hufanya mazoezi?", atajibu "Hapana", na atakuwa amesema kweli. Kosa si la mzazi, bali ni la swali. Dodoso la Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima huuliza mbalimbali juu ya kazi, safari na burudani. Mfasiri akiweka "mazoezi" mahali pote, mpango huo mzuri huharibika.

Wala jambo hili si la maneno matupu. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu, hata pasipo msaada mkubwa wa insulini, na misuli haibagui jembe na mpira. Mwaka 2020 Shirika hilo lilipendekeza kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 washughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, kwa kiasi cha kadiri hadi cha nguvu. Mtoto wa kijijini ambaye mwendo wake haukuandikwa popote ataonekana kuwa hana kitu. Na familia yake ikihamia Sumbawanga mjini, akapanda bajaji kwenda shule na kunywa soda, daftari litaonyesha vilevile kwamba hana kitu. Istilahi isiyouona mwendo ulipokuwapo haiwezi kuuona unapotoweka.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi mkoani Rukwa. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo walikuwa wamedumaa, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Wataalamu wameonya kwamba aliyekosa lishe utotoni, kisha akanenepa upesi baadaye, huwa karibu zaidi na kisukari na shinikizo la damu ukubwani. Mtoto wa namna hiyo ndiye tunayepaswa kumwona mapema.

Istilahi ya pili ni "tabia bwete". Kubweteka ni kulegea na kuzembea. Basi neno hili hulaumu kabla ya kueleza. Mwanafunzi aliyeketi darasani tangu asubuhi hakubweteka, bali ametii. Maana ya kitaalamu ni kuketi au kujilaza mtu akiwa macho, huku akitumia nishati kidogo sana. Wala haisemi kwamba mtu huyo ni mvivu.

Aidha, wapo wanaoandika "mmeng'enyo wa chakula" wanapokusudia umetaboli. Mmeng'enyo hukoma chakula kinapokwisha kuvunjwavunjwa tumboni na katika utumbo. Umetaboli ni jumla ya mabadiliko ya kikemikali ambayo kwayo mwili hujijenga na kupata nguvu.

Hivyo basi, tunapendekeza "kushughulisha mwili" kwa dhana pana, "mazoezi" kwa dhana finyu, na "ukaaji wa muda mrefu" badala ya "tabia bwete". Huenda ikasemwa kwamba "kushughulisha mwili" ni kirefu, na kwamba kuihesabu kazi ya mtoto ni kuibariki. Urefu si kasoro pale ambapo ufupi hupotosha. Ama kuhusu kazi, istilahi hutaja jambo, haitoi idhini. Na kazi inayomlemea mtoto haitapunguzwa na dodoso lisiloitaja. Wafasiri na walimu wazipime istilahi hizi katika matumizi, na wauguzi wa zahanati waulize: "Mtoto huyu huenda shule kwa njia gani, na hufanya nini akirudi?"